Upana wa Mkeka

Nilishuka Kilinochchi na begi moja na maswali mengi,
maswali niliyoyakunja kwenye treni tangu Kolombo
kama mtu anayekunja mashati.
Yogarasa alinipokea kwa pikipiki. Hakuniuliza habari za safari.
Alisema tu: "Ukishikwa na haja, usiingie kichakani.
Niambie. Nitasimama penye lami."

Njiani niliiona mivumo.
Kwetu twaujua mti huu, tunda lake na tembo lake,
lakini sikuwahi kuuona umesimama bila kichwa:
mia, mia mbili, mashina matupu,
kama nguzo za jumba ambalo paa lake limeazimwa.
Lugha yangu imeviweka viwili katika jina moja:
mvumo ni mti, na mvumo ni ile sauti ya mbali
unayoisikia kabla hujajua ni ya mvua au ya nini.
Nilitaka kumweleza Yogarasa. Kiingereza changu kilikwama, na chake pia.
Akaonyesha mti, akaonyesha angani,
akatoa "duu" kwa mdomo.
Tukawa tumeelewana.

Kanageswari alinipa chumba chenye paa.
Cha pili hakina. Ndani yake umeota mwarobaini,
umekua hata umezipita kuta,
naye ameufunga kamba ya kuanikia nguo.
"Nitaukata," asema, "mtoto akirudi kuoa."
Ukutani picha tatu, mbili zimevishwa mashada.
Nilizihesabu, nikainamisha macho,
nikahesabu vigae vya sakafu.

Chai kavu, na kipande cha sukari guru kiganjani:
unauma kidogo, unapiga funda, unauma tena.
Hapo nikaona wakati umewadia. Nikakohoa.
Naye akanitangulia:
"Kwenu kilo ya vitunguu ni bei gani?"
Nikamtajia. Akashika kidevu.
"Na mwizi ni nani, mkulima au mchuuzi?"
Tulizungumza vitunguu mpaka taa ikawaita wadudu.
Nirojini, bintiye, ndiye aliyekuwa akitafsiri,
na nadhani alikuwa akipunguza:
mama anasema maneno kumi, mimi nafikiwa na matatu.

Nirojini analipwa kwa kupiga magoti.
Alfajiri huvaa fulana nzito na ngao ya kioo usoni,
huinama, hukwangua udongo kwa mkono,
taratibu, kama anayemwosha mtoto mchanga nyuma ya masikio.
Siku nzima, upana wa mkeka.
Siku mbaya, upana wa kanga iliyokunjwa.
Miaka thelathini nimewaambia wanafunzi haraka haina baraka,
nao wakapiga miayo.
Nirojini sikumwambia.
Nilimwuliza tu, katika yale maswali yote, moja:
"Imebaki miaka mingapi?"
Akacheka. "Yangu, au ya ardhi?"

Asubuhi ya kuondoka alinipeleka mwisho wa shamba.
Matuta ya vitunguu yamekwenda hadi kwenye vigingi vyeupe,
hadi kabisa; hapakuachwa hata pa kuweka unyayo.
Ng'ambo ya vigingi, nyasi ndefu.
Na kitunguu kimoja.
Kimevuka. Kama kilidondoshwa na kunguru, sijui.
Kimenona, majani yamesimama wima,
kinangoja mkono.
"Na kile?" nikauliza.
Alikitazama kama mtu anayetazama kalenda.
"Kile kina zamu yake. Mwezi wa nane, pengine."

Mwezi wa nane umepita.
Namba ya Nirojini ninayo.
Kila nikikaa nimwandikie, nianze na lile ninalotaka kujua,
vidole vinazunguka, vinarudi,
na ninachotuma ni bei ya vitunguu sokoni kwetu,
wiki hii imepanda,
wiki hii imeshuka kidogo.